Msaidizi wa kisheria Tanzania: usajili, mipaka ya kazi yake na haki za anayehudumiwa
Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya mwananchi mwenye shauri asiye na fedha ya wakili, na kwa ajili ya yule anayetaka kuwa msaidizi wa kisheria, au paralegali kama wengi tunavyosema mtaani. Sheria inayozungumziwa zaidi ni Sheria ya Msaada wa Kisheria, Sura ya 21, iliyotungwa mwaka 2017 kwa Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya zimepewa maswali yao karibu na mwisho.

Msaidizi wa kisheria ni nani hasa?

Ni mtu aliyepata mafunzo ya sheria ya kiwango fulani, akasajiliwa, na anatoa huduma bila malipo kwa watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Mara nyingi anaishi palepale kijijini au mtaani na anaowahudumia. Anajua ni mwenyekiti gani wa kitongoji alikuwepo shamba lilipopimwa, na anajua mjane yupi amefungiwa mlango na shemeji zake. Ujirani huo ndio unaomfanya afae pale ambapo ofisi ya wakili iliyo karibu iko mwendo wa saa tatu kwa basi.

Si wakili. Wakili amemaliza shahada ya sheria, kwa kawaida amepitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ameapishwa na Jaji Mkuu na jina lake liko kwenye orodha ya mawakili. Katikati yao yupo mwanasheria, yaani mwenye shahada ambaye hajaapishwa. Huyu naye anaweza kufanya kazi katika kituo cha msaada wa kisheria, lakini shahada yake pekee haimpi ruhusa ya kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu.

Wasaidizi hawa walikuwepo miaka mingi. Kwa nini Serikali ikaamua kuwasajili?

Ni kweli walikuwepo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria tangu miaka ya 1960. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi miaka ya 1990 yakaja mashirika kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake (WLAC) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC). Haya yalianza kuwafundisha watu wa kawaida, wakiwemo walimu wastaafu, wakulima na akina mama wa vikundi, ili huduma isiishie Dar es Salaam. Kuanzia 2011 shirika la LSF (Legal Services Facility) likasaidia kugharamia kazi hiyo hadi wilayani.

Muda wote huo sheria iliyokuwepo ilikuwa ya 1969, nayo ilihusu mashauri ya jinai tu: mahakama iliweza kumpangia wakili mshtakiwa asiye na uwezo. Mjane aliyedhulumiwa mirathi hakumo. Mfanyakazi aliyefukuzwa hakumo. Na msaidizi wa kisheria mwenyewe hakutajwa popote. Akifika kituo cha polisi aliulizwa, "Wewe nani, na nani kakutuma?" na hakuwa na karatasi ya kujibu swali hilo. Upande wa pili, mwananchi naye hakuwa na pa kumshtaki msaidizi aliyekula fedha yake au kumpotosha.

Sheria ya 2017 iliifuta ile ya 1969 na kuyashughulikia yote mawili. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa jambo zima: usajili unampa msaidizi heshima ya kusikilizwa, na unampa mwananchi mahali pa kulalamika. Anayeutaka kwa sababu ya heshima peke yake ameelewa nusu.

Nani anasajili?

Yupo Msajili wa watoa huduma za msaada wa kisheria, aliye chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Huyu ndiye anayetunza rejesta, anatoa vyeti, na ana mamlaka ya kusimamisha au kufuta usajili. Mikoani na wilayani wapo wasajili wasaidizi, na katika halmashauri nyingi kazi hiyo amepewa afisa maendeleo ya jamii. Kwa hiyo usifunge safari ya Dodoma kabla hujaingia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako.

Juu yao kuna Bodi ya Taifa ya Ushauri wa Msaada wa Kisheria, ambayo inashughulikia sera na mwelekeo wa huduma. Mwananchi wa kawaida hatakutana nayo. Chama cha Mawakili Tanganyika, kwa upande wake, kinasimamia mawakili. Hakimsajili msaidizi wa kisheria na hakina nafasi ya kumwondoa kwenye rejesta.

Je, cheti changu ni leseni kama ya wakili?

Hapana, na tofauti ni kubwa. Wakili anahuisha leseni yake ya uwakili kila mwaka, na leseni hiyo inamruhusu kufungua ofisi, kutoza ada na kusimama mahakamani. Cheti cha msaidizi wa kisheria kinathibitisha kwamba umetambuliwa kutoa huduma ya bure ndani ya mipaka iliyowekwa. Hakikuruhusu kuweka bango la "Ushauri wa Sheria" na bei chini yake. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye cheti inahesabika: ikipita bila kuhuisha, wewe machoni pa sheria ni mtu asiyesajiliwa.

Nahitaji sifa gani ili nisajiliwe?

Kuna njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kusoma sheria katika chuo kinachotambulika, ngazi ya astashahada au stashahada. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kwa mfano, kinatoa zote mbili. Ya pili ni kupata mafunzo maalumu ya usaidizi wa kisheria yanayofuata mtaala unaokubalika, ambayo kwa kawaida huandaliwa na mashirika ya msaada wa kisheria.

Ushauri wangu, na ninautoa kwa nguvu: kabla hujalipa hata shilingi moja ya ada ya kozi, nenda kwa msajili msaidizi wa wilaya ukaulize mambo mawili. Je, mafunzo ya taasisi hii yanakubalika katika usajili? Na je, elimu yangu ya shule inatosha kwa mujibu wa kanuni? Wapo vijana waliolipia semina ya siku chache, wakapewa cheti chenye nembo ya kuvutia, na kisha wakaambiwa hakifai. Fedha hiyo hairudi.

Elimu si kila kitu. Msaidizi anaaminiwa siri za ndoa, hati za viwanja na machozi ya watu. Shirika linalojiheshimu huuliza tabia yako kwa watu wa mtaa wako kabla ya kukupeleka mafunzoni. Likikuuliza, usikasirike.

Naweza kusajiliwa na kufanya kazi peke yangu, bila shirika?

Kazi imepangwa ifanyike ndani ya taasisi iliyosajiliwa kutoa msaada wa kisheria. Taasisi nayo ina masharti yake: iwe imesajiliwa kwanza kisheria, iwe na ofisi inayojulikana, na iwe na watu wenye sifa. Wilaya nyingi sasa zina shirika la wasaidizi wa kisheria, kwa hiyo kujiunga ni rahisi kuliko kuanzisha jipya. Kuna faida nyingine pia: shauri likiwa gumu una mtu wa kumuuliza, na ukiumwa faili la mteja lina mtu wa kulishika.

Msaidizi anaruhusiwa kufanya nini?

Mengi kuliko watu wanavyodhani. Anatoa elimu ya sheria kwenye mikutano ya kijiji, shuleni na misikitini au makanisani. Anamweleza mtu haki yake na njia ya kuipata. Anamsaidia kupata nyaraka zinazohitajika. Anawashauri wanaogombana wapatane, na wakishindwa anawaelekeza kwenye chombo kinachohusika.

Hilo la kuelekeza linaonekana dogo, lakini ndipo mashauri mengi yanapookolewa au kufa. Tazama ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi; kazi yake ni kupatanisha tu. Lakini huwezi kuliruka ukaenda moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: unatakiwa uwe na uthibitisho wa kata kwamba upatanisho umeshindikana, au siku 30 ziwe zimepita bila kata kuwapatanisha. Mtu asiyejua hili atafungua shauri wilayani, litatupwa, na ada yake imekwenda.

Au tazama kazi. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Nimewaona watu wakimbembeleza mwajiri kwa miezi minne, wakiandika barua baada ya barua, na walipofika Tume muda ulikuwa umepita. Wangekutana na msaidizi wa kisheria wiki ya kwanza, angewaambia sentensi moja tu na ingetosha.

Ndoa nayo: kabla ya kufungua shauri la talaka mahakamani, kwa kawaida mgogoro lazima upite baraza la usuluhishi la ndoa, nalo litoe hati kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Mirathi ya mtu aliyefuata mila au dini ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na familia inatakiwa iwe na cheti cha kifo na, kwa desturi, muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Msaidizi mzuri anazijua njia hizi kwa kichwa.

Anaweza kusimama mahakamani kunitetea?

Hapana. Hawezi kukuwakilisha, kuhoji mashahidi wala kutoa hoja kwa niaba yako, katika mahakama yoyote. Anayefanya hivyo anaingilia kazi ya uwakili, na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inalikataza hilo kwa mtu yeyote asiye na sifa.

Watu huchanganya kwa sababu ya Mahakama ya Mwanzo. Huko, kwa miaka mingi, mawakili hawakuruhusiwa kabisa. Mlango ulifunguliwa kwa mabadiliko ya 2021, nao ni pale tu ambapo mahakama inaongozwa na hakimu mkazi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamruhusu mdaawa (mdai au mdaiwa) katika shauri la madai aombe ndugu yake au mtu wa nyumba yake amsemee. Basi msaidizi akiwa ni mtoto wa dada yako, mahakama inaweza kumkubali, lakini hapo amekubaliwa kwa undugu. Cheti chake hakina uzito wowote katika ruhusa hiyo.

Anachoweza kufanya ni kukuandaa: mpange matukio kwa tarehe, mchague mashahidi wanaojua jambo wenyewe badala ya waliosimuliwa, uzoee kulieleza shauri lako kwa utulivu. Siku ya shauri anaweza kukaa kwenye benchi la wasikilizaji kama raia mwingine yeyote. Usidharau hilo. Mama aliyepanda kizimbani mara ya kwanza akitazama nyuma na kuona uso anaoufahamu, sauti yake hubadilika.

Anaweza kuniandikia barua, mkataba au kiapo?

Barua ya kawaida, maelezo ya shauri na kujaza fomu: hapo anakusaidia, bila malipo. Mikataba na hati za kisheria ni eneo la hatari. Sheria ya Mawakili inakataza mtu asiye na sifa kuandaa hati hizo kwa malipo, na kifungu cha 44 kinataka jina na anwani ya aliyeiandaa viandikwe kwenye hati. Hati isiyo na jina la mwandaaji inaweza kukataliwa na msajili wa hati.

Kiapo kinahitaji kuapishwa mbele ya kamishna wa viapo au ofisa mwingine mwenye mamlaka hayo. Msaidizi wa kisheria hana muhuri huo. Ukimwona mtu anagonga muhuri wa wakili ambaye hayupo ofisini, chukua karatasi zako uondoke, kwa sababu kiapo kilichogongwa hivyo kinaweza kukuvunjia shauri lako mwenyewe.

Msaidizi wangu ananiomba elfu ishirini ya "usumbufu". Ni halali?

Si halali. Huduma ni bure, na msaidizi haruhusiwi kutoza ada kwa anayemhudumia, iitwe usumbufu, shukrani, vocha au kufungua faili. Jina halibadilishi kitu.

Tofautisha na gharama halali za mahakama au halmashauri. Hizo zinalipwa serikalini kwa namba ya malipo, na unapata risiti. Lipa mwenyewe kwa simu yako. Usimkabidhi mtu fedha mkononi akakulipie.

Nauli ndiyo inayoumiza. Msaidizi anatembea kilomita kumi na tano kwenda kusikiliza mgogoro, na bodaboda haimsamehei nauli kwa sababu anafanya kazi ya kujitolea. Sheria imeweka sharti la bure, na mimi naliunga mkono bila kusita, maana siku likilegezwa maskini ndiye atakayesubiri nje. Lakini sharti hilo limewekwa juu ya mgongo wa mtu asiye na mshahara. Kwa muda mrefu nauli, karatasi na kodi ya ofisi vimetoka kwa wafadhili, na mradi ukiisha, ofisi inafungwa. Halmashauri inayotaka wasaidizi wake wabaki waaminifu iweke fungu la safari zao kwenye bajeti yake, hata kama ni dogo. Tangu 2023 Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imezunguka mikoani na kuwakutanisha watu na mawakili na wasaidizi, na imefanya kazi ya maana. Hata hivyo kampeni inakuja na kuondoka. Mgogoro wa mpaka unaamka baada ya magari kuondoka, na anayebaki nao ni msaidizi wa kijiji.

Kwa hiyo ukiombwa nauli, usimfokee. Mwambie kwa heshima kwamba unajua huduma ni bure, na mwombe shauri lisikilizwe ofisini siku ambayo wewe unaweza kufika. Akishikilia fedha, lipeleke kwa viongozi wa shirika lake.

Je, msaidizi anaweza kusuluhisha kila kitu?

Hapana, na hapa naomba nisomwe kwa makini.

Mpaka wa shamba, deni, matunzo ya mtoto, ugomvi wa majirani: sawa, kaeni mzungumze. Ubakaji, ulawiti, mtoto aliyepewa mimba, mke aliyevunjwa mkono: hakuna meza ya usuluhishi hapo. Ni makosa ya jinai, yanakwenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na majeruhi anapewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu na ushahidi. Hali ikiwa mbaya atibiwe kwanza, fomu itafuata.

Najua yanayotokea. Familia mbili zinakaa, ng'ombe wawili wanatajwa, mzee mmoja anasema "tusiharibu undugu", na msaidizi anaombwa aandike makubaliano. Msaidizi anayeandika karatasi hiyo amemuuza mtoto. Haijalishi kama pande zote zimetia saini, wala kama mama wa binti amekubali kwa kulia. Karatasi hiyo haizuii mashtaka, na inaweza kumweka aliyeiandika mbele ya polisi pamoja na mtuhumiwa. Kwa upande wa usajili, sioni sababu yoyote ya mtu wa namna hiyo kubaki kwenye rejesta.

Ndugu yangu amekamatwa. Msaidizi atafaa nini?

Atafaa mapema kuliko wakili, kwa sababu yuko karibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki yake. Msaidizi anaweza kufika kituoni, kuuliza kosa ni lipi, kuwaeleza ndugu masharti ya dhamana, na kuwakumbusha kwamba dhamana haiuzwi. Kama kosa ni zito na mtuhumiwa hana fedha, Sheria ya 2017 inamtaka hakimu au jaji, akiona haki inahitaji hivyo, aagize mshtakiwa apatiwe msaada wa kisheria. Msaidizi awaambie ndugu wamkumbushe mshtakiwa aombe hilo mwenyewe, kwa mdomo wake, siku ya kwanza anaposomewa shtaka.

Nitamtambuaje msaidizi wa kweli na kishoka (tapeli)?

Muulize shirika lake linaitwaje, ofisi iko wapi, na uone cheti cha usajili. Kisha piga simu au nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri uulize kama jina hilo lipo. Msaidizi wa kweli hataudhika. Yeye mwenyewe amefundishwa kujitambulisha.

Kwa mtu anayejiita wakili, Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili unaokuwezesha kutafuta jina lake na kuona kama ana ruhusa ya kufanya kazi.

Dalili za kishoka ni zilezile kila mahali: anakukuta kwenye geti la mahakama, anamjua "hakimu mwenyewe", anataka fedha leo, na hataki mje ofisini kwake kwa sababu hana. Kutoa msaada wa kisheria, au kujifanya mtoaji wake, bila usajili ni kosa la jinai.

Nimeumizwa na msaidizi. Nilalamike wapi?

Anza na uongozi wa shirika lake, kwa maandishi, ukibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usipojibiwa, mpelekee msajili msaidizi wa wilaya au mkoa, na baada yake Msajili mwenyewe wizarani. Kama fedha imeibwa au hati imeghushiwa, nenda polisi moja kwa moja, huku malalamiko ya usajili yakiendelea kwa njia yake. Njia hizi mbili hazizuiani.

Andika mambo yaliyotokea kwa tarehe na uambatishe ujumbe wa simu au muamala. Malalamiko ya "hafai, ana dharau" hayamsaidii msajili kuamua. "Tarehe fulani alipokea fedha kwa simu kutoka namba hii" yanamsaidia.

Zanzibar je?

Zanzibar ina Sheria yake ya Msaada wa Kisheria ya 2018, na usajili hufanywa na mamlaka za Zanzibar. Cheti cha Bara hakikupi ruhusa ya kufanya kazi Unguja au Pemba. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kimefundisha wasaidizi wa sheria majimboni kwa miaka mingi kabla ya sheria hiyo kutungwa.

Visiwani kuna historia ambayo wa Bara huisahau. Chini ya sheria ya zamani ya mawakili, Zanzibar ilikuwa na mavakili, watu ambao hawakuwa mawakili wa Mahakama Kuu lakini waliruhusiwa rasmi kusimama katika mahakama za chini. Kwa hiyo wazo la kumpa mtu ruhusa yenye mipaka si geni hata kidogo katika nchi hii, na wanaosema msaidizi wa kisheria hawezi kamwe kuaminiwa na hatua moja zaidi wangeanza kwa kuutazama uzoefu huo.

Na Kenya?

Kenya ilitangulia kwa mwaka mmoja, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliyounda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Huko paralegali anaidhinishwa na hufanya kazi chini ya usimamizi wa wakili au taasisi iliyoidhinishwa. Kazi yenyewe ni kongwe: Kituo cha Sheria cha Nairobi kilianza 1973. Idhini ya Kenya haikufanyi msaidizi aliyesajiliwa Tanzania, wala kinyume chake.

Nasikia nje ya nchi paralegali wana leseni na wanatoza fedha. Ni kweli?

Inategemea nchi. Jimbo la Ontario, Kanada, limekuwa likitoa leseni kwa paralegali tangu 2007 kupitia chombo kilekile kinachosimamia mawakili. Mwenye leseni amesoma, amefanya mtihani, ana bima, anatoza ada, na anasimama katika mahakama ya madai madogo na mabaraza kadhaa. Uingereza na Wales ni kinyume: jina hilo halilindwi, usajili ni wa hiari, na mtu yeyote anaweza kujiita hivyo mradi asifanye kazi zilizotengwa kwa mawakili.

Msomaji aliye Toronto au Leicester mwenye cheti cha usaidizi wa kisheria kutoka Tanzania asikitumie kujitangaza kwa wenzake, hasa katika mambo ya uhamiaji. Nchi hizo zina sheria kali kuhusu nani anaruhusiwa kushauri juu ya viza na ukimbizi, na anayeumia kwa fomu iliyojazwa vibaya ni jirani aliyekuamini.

Msaidizi aliyeshika shauri langu amehama. Faili langu liko wapi?

Linatakiwa liwe ofisini kwa shirika, kwa sababu shauri liliandikishwa kule na si kwa mtu binafsi. Nenda na namba ya faili kama ulipewa, au tarehe uliyofika mara ya kwanza, uombe upangiwe msaidizi mwingine. Ukianza shauri jipya popote, wape nakala tu; hati halisi ya kiwanja, cheti cha ndoa na cheti cha kifo vibaki kwako. Kama tayari umeacha hati halisi, idai kwa barua leo, na uliyempa barua atie saini kwenye nakala yako.